Tairi za inchi 28 kwenye ATV: pima tope lako kabla hujaagiza

Mvua za nyanda za juu kusini zikishaanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, njia za mashambani hubaki na tope hadi mwezi wa nne, na kule Rungwe hata wa tano. Ndicho kipindi ambacho mwenye ATV, ile pikipiki ya matairi manne, awe yuko kwenye chai Mufindi, parachichi Njombe au miti ya kupanda kule Sao Hill, anaanza kutamani yale matairi marefu yenye meno ya kutisha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa ATV nyingi za kazi huku kwetu, kutoka inchi 25 kwenda 28 ni hasara. Inchi 26 yenye kashata nzuri, yaani meno ya tairi, na upepo uliopimwa itakuvusha sehemu nyingi bila kuvunja kitu. Ipo hali moja ambayo 28 inastahili, nayo nitaieleza, lakini siyo hali ya wengi.

Ubavuni mwa tairi utakuta maandishi kama 25x8-12. Namba ya kwanza ni urefu wa tairi kutoka chini hadi juu, ya pili upana, ya tatu ringi, zote kwa inchi. ATV nyingi za cc 400 hadi 600 hutoka kiwandani na 25x8-12 mbele na 25x10-12 nyuma. Kashata za tairi hilo huwa na kina cha milimita 20 hivi. Tairi la matope linaanzia kama milimita 35 na linaweza kufika 50.

Wanunuzi wengi huamini kwamba 28 itanyanyua chombo inchi tatu. Hainyanyui. Ekseli imepita katikati ya tairi, kwa hiyo unachopata ni nusu ya tofauti: inchi moja na nusu, yaani sentimita 3.8. ATV nyingi zina nafasi ya sentimita 25 hadi 28 chini ya tumbo. Kama mitaro iliyoachwa na malori ya magogo njiani kwako ina kina cha sentimita 40, hizo 3.8 hazikusaidii, tumbo litakaa tu na matairi yatazunguka hewani. Kama ina kina cha 28 au 30, hapo ndipo zinapokuvusha. Chukua futi ukapime mitaro yenyewe, usikisie kwa macho.

Sasa nguvu. Tairi la 28 ni refu kuliko la 25 kwa asilimia 12, na maana yake ni kwamba gia zako zote zimerefuka kwa asilimia 12. Ni sawa na kupandia mlima kwa gia ambayo si yake. Kwa watu wa pwani hiyo ni shida ndogo. Kwetu ipo shida nyingine iliyotangulia: injini isiyo na tabo (turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi. Ukiwa kwenye mita 2,000, kama ilivyo sehemu nyingi za Njombe na milima ya Uporoto, injini imeshaacha karibu moja ya tano ya nguvu zake njiani. Piga hesabu zote mbili pamoja: msukumo unaofika kwenye udongo unabaki kama asilimia 71 ya ule ambao chombo hicho hicho kingekuwa nao kwenye usawa wa bahari kikiwa na tairi zake za kiwandani. Ndiyo maana sifa za 28 zinazotoka kwa watu wa tambarare haziwezi kubebwa zilivyo hadi Makete.

Ongeza uzito. Tairi la kiwandani la inchi 25 lina kilo 8 hadi 11. La matope la 28 lina kilo 16 hadi 20, mara nyingine zaidi. Kwa matairi manne umepachika kilo 35 hivi, tena pembeni kabisa mwa kitu kinachozunguka, mahali ambapo kila kilo inaumiza kuliko ikiwa imefungwa kwenye keria. Breki zinasimamisha chombo kwa taabu, beringi na bolijointi zinaisha mapema, na shafti inapata kipigo pale tairi linapozunguka bure kisha likashika jiwe ghafla.

Lakini kinachokufa kwanza ni mkanda, na hapa nataka tukae kidogo. ATV nyingi za sasa hazina gia za kukanyaga. Zina mkanda wa raba unaozunguka kati ya puli mbili. Puli ya mbele, ile ya kwenye injini, inabana mkanda kwa msaada wa rola zinazorushwa nje kadiri mzunguko unavyoongezeka. Puli ya nyuma inabanwa na springi. Ukitembea polepole na tairi zito, tena kwenye tope, rola za mbele hazijarushwa vya kutosha, mshiko ni hafifu, na mkanda unateleza juu ya chuma. Kuteleza kunazaa moto. Dalili ya kwanza ni harufu ya raba inayoungua. Ya pili, injini inalia lakini chombo hakisogei. Fungua kifuniko utaona vumbi jeusi limejaa ndani, na ubavu wa mkanda umeng'aa kama kioo. Ukiuzungusha taratibu kwa mkono utakuta sehemu moja imeliwa kuwa nyembamba: hapo ndipo puli ilipozunguka mkanda ukiwa umesimama. Mkanda huo ukibaki, kila ukiondoka utasikia dundo, dundo, dundo. Usisubiri ukatike. Upime upana kwa kalipa, linganisha na kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako, ubadilishe.

Kinga yake ya bure ni gia ya L, ile ya mwendo mdogo wenye nguvu. Kwenye tope, kwenye mlima, unapovuta trela, na kila unapojua utakuwa chini ya kilomita 15 kwa saa, weka L. Kinga ya kulipia ni rola nyepesi mbele na springi ngumu zaidi nyuma, ili injini ipande mzunguko kabla puli hazijabadilisha uwiano. Vibadilishwe vyote viwili. Fundi akigusa rola peke yake, injini italia zaidi na mkanda utaendelea kuteleza kwa nyuma. Na kama maji yameingia kwenye kifuniko cha mkanda kwa sababu umevuka mto kupita kimo cha bomba lake la hewa, usilazimishe kuondoka: fungua kizibo cha chini maji yatoke, weka nyutro, vuta mafuta mara kadhaa mpaka mkanda ukauke. Baadhi ya ATV, zikiwemo nyingi za Honda, zinatumia gia za chuma na hazina mkanda kabisa. Hizo hazichomi raba, ila klachi ndiyo inayobeba mzigo.

Tope nalo si moja. Chukua fimbo iliyonyooka uichomeke njiani. Kama inagonga ardhi ngumu kwenye sentimita 15 au 20, hilo ni tope lenye sakafu, na tairi refu jembamba lenye meno marefu litalikata hadi chini lishike. Udongo mwekundu wa Iringa na Mufindi mara nyingi uko hivyo: juu utelezi kama sabuni, chini kugumu. Kama fimbo inaendelea kuzama, mfano kwenye mabonde ya vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu, meno marefu yanakuwa jembe. Yanachimba, chombo kinakalia tumbo, na kila ukivuta mafuta unashuka zaidi. Hapo tairi pana lenye upepo mdogo linaelea vizuri kuliko 28 yoyote, na kuzunguka kwa njia nyingine ni bora kuliko yote mawili.

Ule udongo mweusi wa Usangu una tabia yake. Finyanga bonge kiganjani, ulisokote kama kamba. Likisokoteka bila kukatika, ujue udongo huo utajaa kati ya kashata na hautatoka. Tairi la matope hujisafisha kwa kurusha udongo, na ili kurusha linahitaji mwendo. Kwa mwendo wa kazi, kilomita 10 kwa saa, kashata zilizokaribiana hujaa ndani ya mizunguko michache na tairi linakuwa duara laini kama chungu. Ukinunua la matope, tazama nafasi kati ya meno kabla ya kutazama urefu wake: vidole vitatu vipite bila kubanwa.

Upepo ndio unaopuuzwa kuliko vyote, na ndio wa bei rahisi. ATV inataka psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 5 hadi 7 tu. Kipimo cha gari hakiwezi kusoma hapo kwa uhakika. Nunua kile kidogo kinachoishia psi 10 au 15. Halafu kuna jambo la mwinuko: hewa ya nje ikipungua, tairi linaonekana kujaa. Chombo kilichojazwa psi 5 Dar es Salaam kitafika Njombe kikiwa na psi 7 na zaidi bila mtu kukigusa. Hata ukipanda kutoka Chimala hadi Matamba kwa zile kona za Hamsini na Saba, unaongeza psi 1 hivi, nayo kwa tairi la psi 5 ni moja ya tano. Tairi gumu halitandazi kashata zake, linadunda na kuteleza. Pima ukiwa juu, asubuhi, tairi likiwa baridi.

Kwa mwenye injini ya cc 500 au zaidi, njia zenye sakafu ngumu na mitaro ya kimo kile nilichosema, 28 inalipa. Chukua nyembamba, 28x9 au 28x10 kwa ringi ya 12, hazionei shafti kama zile pana. Hakikisha tofauti ya urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma inabaki kama ilivyotoka kiwandani, kwa sababu ukiweka 4x4 na mzunguko haulingani, difu ya mbele na ya nyuma zinavutana hadi kitu kivunjike. Ringi pia hazibadilishani ovyo: Polaris wanatumia nati nne kwenye duara la milimita 156, Can-Am 137, Honda na Yamaha nyingi 110.

Wakati wa kufunga, fuata mshale wa mzunguko ulio ubavuni. Paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa tairi, jaza hadi mdomo huo utoe mlio na kukaa pande zote mbili, usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, kisha shusha hadi psi 5. Simama hapo hapo fundi pancha anapojaza. Pampu yake imezoea malori. Likishafungwa, mtu mzito akalie keria huku unageuza usukani mwisho kulia na mwisho kushoto. Ibaki nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na kila kitu, hasa pale kisigino kinapokaa. Kaza nati tena baada ya kilomita 20.

Chombo sasa kimeinuka na mzigo umeinuka nacho, kwa hiyo miteremko ya kukata kwa ubavu uliyozoea kupita kwenye chai usiipite tena kwa mwendo ule ule.

Mwezi wa sita, vumbi likianza, rudisha tairi za kiwandani. Kashata ndefu zikitembezwa kwenye changarawe kavu na lami zinapinda, zinachanika kwenye mizizi, na msimu mmoja wa kiangazi unazimaliza kuliko misimu miwili ya tope. Zihifadhi kivulini zikiwa zimesimama. Na chini ya kiti, mwaka mzima, uwepo mkanda wa akiba pamoja na spana ya kufungulia kifuniko chake.