Nilijifunza kufuma kwa kufumua

Mtu akinikuta kibarazani hapa Mikindani nina sindano mbili mkononi na donge la uzi mapajani, huuliza swali lilelile: "Sweta la nini na joto hili?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu pwani jasho linakutoka umekaa, na hata mwezi wa saba, wakati hali ina nafuu, asubuhi unajitanda kanga moja na inatosha. Mimi huwajibu kwa neno moja: Newala.

Kaka yangu ameoa Newala. Anayepanda kule mara ya kwanza mwezi wa saba akiwa na nguo za pwani hujuta. Basi linaondoka Mtwara jua linawaka, linapanda uwanda wa Makonde, na kesho yake asubuhi unafungua mlango unakuta ukungu umemeza hata mkorosho wa uani. Watu wamevaa makoti. Ukienda Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linalala chini hadi upande wa Msumbiji, upepo unaopanda kutoka bondeni unapita kwenye kanga kama hujavaa kitu. Mwaka 2021 nilikwenda kumtembelea wifi akiwa na mimba ya miezi saba, na siku ya pili tu nikakimbilia kwenye mitumba kununua sweta. La buluu, zito, shilingi elfu mbili.

Kiwiko chake kilinasa kwenye msumari wa mlango. Nilipojinasua uzi ukatoka na mimi, nikauvuta ili niukate, ukazidi kuja. Mama mkubwa wa wifi alikuwa anapepeta mbaazi. Akanyanyua mkono.

"Usikate, mwanangu. Uvute taratibu huku unauzungusha kwenye vidole. Huo ni uzi mzima huo, ni mali."

Nikavuta. Mstari ukafumuka, wa pili ukafumuka, mkono wa sweta ukawa unapungua mbele ya macho yangu. Nilikuwa nafahamu kufumua nywele, na nilifahamu kwamba sweta limefumwa, lakini sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja: kilichofumwa kinafumuliwa, na uzi wake ukabaki uzi. Mama mkubwa alifundishwa kufuma na masista alipokuwa msichana. Jioni ile alitoa kwenye kapu sindano zake, spoku mbili za baiskeli alizozinoa kwenye sakafu ya saruji, kila moja ikiwa na kipande cha ndala kwenye kitako ili vitanzi visiteleze na kudondoka. Nilikaa naye siku tisa. Sweta langu halikupona.

Kilichonisaidia kushika haraka ni bibi. Nimekulia mikononi mwa bibi anayesuka ukili, na tangu nikiwa mdogo ananisisitizia mambo mawili: mkono usibadilike, na jani jipya liingie kabla la zamani halijaisha. Ukivuta kwa nguvu asubuhi na kulegeza jioni, ukili unakuwa mwembamba huku na mpana kule, na mkeka wake hautulii chini. Kwenye uzi ni hivyohivyo.

Aina za vitanzi, kwa kweli, ni mbili tu. Cha kwanza uzi unakaa nyuma ya sindano, unachoma kitanzi kutoka mbele na kuvuta kipya kije kwako. Cha pili uzi unakaa mbele, unachoma kutoka nyuma na kukisukuma kipya kiende upande wa pili. Ukifuma cha kwanza mistari yote, kwenda na kurudi, unapata kitambaa chenye matuta kinacholala vizuri. Ukienda na cha kwanza ukarudi na cha pili, unapata uso laini kama wa fulana, lakini kingo zake hujikunja, na ukishindana nazo utajichosha bure. Ukichanganya kwenye mstari mmoja, viwili vya kwanza na viwili vya pili, unapata ile sehemu ya pindo inayovutika kama lastiki. Mengine yote niliyojifunza baadaye yametoka humo.

Niliporudi Mikindani nilitaka kumfumia mtoto kofia kabla hajazaliwa. Nikaanzisha vitanzi 96 kwa kukisia tu, nikafuma usiku wiki nzima, umeme ukikatika naendelea kwa vidole. Ilipokamilika niliijaribu kichwani mwangu ikanienea. Niliumia sana. Nikampigia mama mkubwa simu, naye akaniuliza jambo moja tu, kama nilifuma kipande cha kupimia. Sikuwa nimefuma. Sikujua hata kama kuna kitu kama hicho.

Kipande cha kupimia ndiyo kazi yenyewe, na naomba anayeanza anisikilize hapa. Unafuma pande nne za sentimita 12 au zaidi, kwa uzi uleule na sindano zilezile. Unakifua, unakianika, kikikauka unaweka rula katikati na kuhesabu vitanzi kwenye sentimita 10. Mimi nilipata 22. Kichwa cha mtoto mchanga aliyetimiza miezi yake huwa karibu sentimita 35 kwa mzunguko, na kofia inatakiwa ishike kidogo, kwa hiyo nikalenga 32. Mara 2.2, inakuja 70 na kidogo. Pindo langu la viwili kwa viwili linataka namba inayogawanyika kwa 4, nikapanda hadi 72, nikaongeza 2 za kushonea nyuma. Pindo sentimita 3, kisha uso laini hadi jumla ifike 10. Hapo unaanza kupunguza: kila baada ya vitanzi 6 unafuma viwili pamoja, mstari unaofuata unafuma bila kupunguza, kisha kila baada ya 5, kisha 4, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa kuwa 72 inagawanyika kwa 8, kila mstari wa kupunguza unaondoa vitanzi 9 kamili, na mwishoni vinabaki 9 na vile 2 vya pembeni. Unapitisha uzi ndani yake, unavuta, juu panafunga. Mimi ni karani wa chama cha msingi, msimu wa korosho nashinda na hesabu za kilo na magunia, na bado ile 72 ilinifurahisha kuliko hesabu yoyote niliyowahi kuifanya ofisini.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kiume. Kofia ilimkaa.

Baada ya hapo nilitaka uzi zaidi, na uzi mpya mzuri madukani kwetu ni wa kubahatisha. Unaopatikana mara nyingi ni akriliki, na akriliki kwenye vidole vyenye jasho hunata. Pamba ndiyo ninayoitaka, kwa sababu inapitisha hewa na inavumilia kufuliwa. Basi nikarudi kwenye mitumba. Nilichokikuta huko sikukitegemea: joto letu lilikuwa upande wangu. Belo likifunguliwa Mtwara, watu wanagombania magauni na mashati. Masweta hayana wa kuyaangalia, yanatupwa kwenye lundo la mia tano mia tano. Sweta la pamba la mtu mzima, nililolipima dukani kwa jirani, lilikuwa na gramu 380. Kofia ya mtoto hula kama gramu 30. Piga mwenyewe.

Ila si kila sweta linafumuka, na hasara nimezila kabla ya kujua. Siku hizi naligeuza nje ndani na kutazama mshono wa ubavuni kabla ya kuuliza bei. Ukiona pamekatwa kwa mkasi na kupitishwa ovaloku, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa, utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono tu. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa mshono mwepesi kama mnyororo, chukua. Sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto likashikana kama blanketi nalo liache, nyuzi zake haziachani tena. Lebo ikiwa imekatwa, naomba kauzi kamoja nikaunguze kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuzimika yenyewe. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

Nyumbani kwanza naondoa mishono, taratibu kwa wembe, nikihakikisha nakata uzi wa mshono na si wa sweta. Kisha naanzia juu, shingoni na mabegani. Masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na kitambaa hufumuka kirahisi kutokea pale kilipomalizikia. Ukianza na pindo la chini utapigana nalo mchana kutwa. Kiti cha plastiki nakipindua miguu juu na kuuzungusha uzi kwenye miguu minne, naufunga sehemu nne kwa vipande vya uzi usiovuja rangi, ndipo nautoa. Ukitoka hapo una mawimbi kama nywele zilizofumuliwa leo. Naulowesha kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nasuuza, naukamua ndani ya taulo, naning'iniza kivulini na chupa ndogo ya maji chini yake ili unyooke. Chupa isiwe nzito, uzi ukivutwa sana utarudi baada ya kufuma na nguo itapungua. Ukikauka, unazungusha donge kwa mkono mlegevu.

Bibi alinitazama siku ya kwanza nikifanya hayo, akasema, "Hiyo nayo ni miyaa tu, mjukuu wangu. Unaanika, unalainisha, unasuka." Tangu siku hiyo tunakaa pamoja kibarazani saa za alasiri, yeye na ukili wake.

Hewa ya bahari ilinipa shida moja ambayo mama mkubwa, kwa kukaa kwake Newala, hakuwahi kuiona. Spoku zilishika kutu ndani ya miezi miwili, na kutu ikaacha alama kwenye uzi mweupe niliokuwa nimeutesekea. Nikahamia vijiti vya mishikaki, vya mwanzi, nikavisugua kwa msasa laini na kuvipaka mafuta ya nazi kidogo. Vinafaa kwa uzi mwembamba, na jasho halinati sana. Kwa uzi mnene nilimwendea fundi wa vinyago, mzee wa Kimakonde, nikamweleza ninachotaka. Alifikiri nataka vijiti vya kubana nywele. Tulitoboa kibao kwa keekee ya milimita 5, naye akachonga sindano mbili za mpingo za sentimita 30, akipima kila mara kama zinapita kwenye tundu bila kucheza. Zimenyooka, nyeusi, nzito kidogo, na uzi unateleza juu yake kana kwamba zimepakwa nta. Nimezitumia mwaka wa tatu sasa. Sijashika sindano iliyo bora kuliko hizo.

Masika huwa naweka uzi kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na majani makavu ya mwarobaini, kama bibi anavyofanya kwenye mbaazi. Ukungu wa unyevu ndio ninaouogopa zaidi kuliko wadudu, kwa hiyo jua likitoka nafungua na kupeperusha.

Kwa matumizi ya pwani, sweta kweli si mahali pake, na sikulazimisha. Ninachofuma zaidi ni mikoba ya sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila mtu anahitaji kitu cha kubebea, na mkoba wa pamba wa matundumatundu unakunjika ukaingia kwenye pochi, kisha unabeba nazi nne na samaki waliofungwa kwenye gazeti. Tundu linapatikana kwa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano na kufuma viwili vinavyofuata pamoja, ukirudia hadi mwisho wa mstari, na idadi ya vitanzi haibadiliki. Mpini nafuma kwa vitanzi 8 vya matuta, kwa sababu sehemu laini hujikunja na kukata bega. Nimegawa mikoba kumi na mmoja. Jirani mmoja alitaka kunilipa, nikamwomba aniletee sweta badala ya hela.

Oktoba hadi Januari sifumi, minada ya korosho hainiachii nafasi, na vidole vinakuwa vizito ninaporudi mwezi wa pili. Mistari ya kwanza hukaza sana. Huwa naifumua bila kuhuzunika.

Wiki iliyopita wifi alinitumia kifurushi kwa basi: unga wa muhogo, mbaazi, na ile kofia ya buluu. Mtoto ana miaka minne, haimwingii tena hata kwa kulazimisha. Ndani aliweka karatasi kwamba mwezi wa nane anatarajia mwingine, na shangazi ajiandae.

Nilikaa nayo jioni nzima. Ingeweza kuvaliwa na huyu mpya vilevile ilivyo, lakini pindo lilikuwa limelegea na nyuma pameshonwa kwa mshono wangu wa siku zile, mnene, ambao ungemkera mtoto akilala chali. Sasa najua kufuma kwa mzunguko, kwa vijiti vitano, bila mshono. Nikatafuta ncha pale juu, kwenye vile vitanzi 11 vilivyovutwa pamoja, nikailegeza kwa wembe na kuvuta. Ulikuja wote, haukukatika hata mahali pamoja. Sasa uko kambani uani, umelowa, na chupa yake ya maji inaning'inia chini.