Ngozi ya mpagazi

Leo nimeirudisha kabatini chupa ya rangi nyeusi, na kwa kazi ya ngozi sidhani kama nitaitoa tena.

Ninaowapaka ni wapagazi wa msafara wa karne ya 19, vinyago vidogo, kila mmoja milimita 28 kutoka nyayo hadi macho. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alinichapia kwa mashine yake ya 3D, wa plastiki ya kijivu, wengine na pembe za ndovu begani, wengine na mizigo ya nguo. Nimewagandisha kwa gundi juu ya vifuniko vya chupa za maji ili nipate pa kushika bila kuwagusa. Kuna watu hupaka askari wa Roma au wa Napoleon, na kazi zao ni nzuri sana. Mimi naishi hapa Bagamoyo, mwendo mfupi kutoka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, na nilitaka kuanza na watu waliofika hapa kwa miguu kutoka Unyamwezi. Habari za mji huu husimuliwa zaidi kwa upande wa utumwa, na utumwa ulikuwepo, wala haufai kupunguzwa. Lakini Wanyamwezi wengi wa misafara ile walikuwa watu huru, wanaolipwa ujira, wenye fahari na kazi yao. Fahari hiyo nataka ionekane hata kwenye shingo ya kimtu kidogo namna hii.

Sasa ngozi. Kwa miaka mingi, chupa iliyoandikwa rangi ya ngozi ilikuwa na rangi ya waridi ndani. Anayetaka kumpaka mtu wetu alilazimika kuchanganya mwenyewe, na wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni hudhurungi, nyeusi kwenye vivuli, nyeupe kwenye sehemu zinazong'aa. Ukifanya hivyo kivuli kinakufa, na ile nyeupe inamfanya mtu aonekane kapauka kama aliyetoka kuoga bila kupaka mafuta.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mchoraji wa hapa mjini, ambaye sote tunamwita Fundi. Asubuhi nilipita kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Acha hao watoto wako hapo, twende sokoni."

Akanipeleka soko la samaki. Tukasimama kivulini, akaniambia nimtazame kijana mmoja aliyekuwa anapandisha ndoo za dagaa kutoka ufukweni. "Mwangalie chini ya kwapa. Unaona nyeusi?" Sikuiona. Niliona zambarau iliyoiva, karibu na buluu. Kwenye kifua, palipopigwa na jua, kulikuwa na hudhurungi yenye uchungwa ndani yake. Na juu kabisa ya bega, penye jasho, palikuwa na kimng'ao chembamba cha buluu ya kijivu. Hiyo ni mbingu, inajitazama kwenye ngozi ya mtu. Miaka yote napita soko lile na sikuwahi kuiona.

Mchana mzima nimekaa na kijana yule kichwani. Msingi nimeweka hudhurungi iliyokolea. Vivulini nimeongeza tone la buluu na zambarau kidogo. Kupandia kwenye mwanga nimechanganya ile hudhurungi na manjano ya udongo, kisha chungwa kidogo mno kwenye mashavu, magoti na vifundo vya vidole. Mwisho kabisa, kwa ncha ya brashi, nukta ya buluu ya kijivu begani. Mpagazi akavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Fundi anapaka kwa rangi ya mafuta, zile za makopo ambazo Edward Tingatinga na wenzake walizoea kupakia kwenye mbao za hardboard. Inang'aa, inachelewa kukauka, inampa mtu muda wa kufikiri. Akriliki, rangi ya maji ninayotumia mimi, haina subira. Maji yake yakishayeyuka, chembe za plastiki zinashikana, na ikishakauka maji hayaitoi tena. Kwa upepo huu wa kaskazi na joto lake inakauka hata kwenye brashi. Kwa hiyo nachanganyia juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji lenye maji, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko. Rangi inabaki hai hadi jioni. Sponji lenyewe lazima lifuliwe mara kwa mara, maana kwa unyevu wa pwani huota ukungu upesi. Na kila rangi napaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Kwanza naijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiacha mstari safi bila kutiririka pembeni, iko tayari.

Macho sijayapaka meupe. Kumtazama mtu wa milimita 28 kwa umbali wa nusu mita ni sawa na kumtazama mtu mzima aliye mita 30 hivi mbele yako, na kwa umbali huo weupe wa jicho la mtu hauuoni. Unaona kivuli chini ya paji la uso, basi.

Nguo zimenipa raha ya peke yake. Kaniki ni buluu nzito inayokaribia weusi, na mikunjo yake naiinua kwa buluu iliyofifia. Merikani, ile pamba iliyokuja kwa meli kutoka Marekani, haikuwa imesafishwa rangi, kwa hiyo ni ya maziwa, yenye manjano kwa mbali. Shida ni pembe ya ndovu kulala juu ya bega lililofunikwa merikani: rangi mbili zinazofanana zimegusana. Nimezitenganisha kwa mstari mwembamba wa hudhurungi, kisha pembe nikaipitishia vanishi inayong'aa na nguo nikaiachia isiyong'aa. Mwanga unafanya kazi iliyobaki.

Kesho ni zamu ya kirangozi, kiongozi wa msafara, na joho lake jekundu. Nyekundu haifuniki vizuri, kwa hiyo usiku huu namtandikia kwanza hudhurungi yenye uwekundu. Nikiamka itakuwa imekauka, nianze naye kabla jua halijawa kali.