Nilivyobeba mimba ya pili nikiwa na jibu la 1 kati ya 40

Mimba yangu ya kwanza iliishia wiki ya 33, kwa upasuaji wa dharura, baada ya presha kupanda hadi 170 kwa 110 na mkojo kuonekana una protini nyingi. Mtoto alizaliwa njiti, akakua vizuri, lakini mimi nilibaki na swali moja ambalo hakuna aliyenijibu: je, hali ile ingeweza kujulikana mapema? Ndiyo maana nilipopata mimba ya pili sikusubiri tumbo lionekane. Nilifika kliniki ya wajawazito nikiwa na wiki 8, nikamweleza mkunga yote yaliyonipata, naye akanielekeza kwa daktari bingwa.

Daktari huyo alinieleza jambo ambalo ningependa kila mama mwenye historia kama yangu alijue, kwamba ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba huanza wiki nyingi kabla presha haijapanda. Kondo la nyuma linapojijenga, mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi hutakiwa kutanuka ili damu ipite kwa wingi. Isipotanuka inavyopaswa, kondo hukosa damu ya kutosha na baadaye humwaga katika damu ya mama protini zinazodhuru kuta za mishipa yake. Protini nyingine iitwayo PlGF, ambayo kondo huitengeneza ili kukuza mishipa, huanza kupungua mapema, na upungufu huo unaweza kuonekana katika damu ya mama kati ya wiki ya 11 na ya 13. Peke yake haitoshi. Huunganishwa na presha, na ultrasaundi ya mishipa inayopeleka damu kwenye mfuko wa uzazi, na umri, uzito na historia ya mimba zilizopita, kisha kompyuta hukokotoa uwezekano wa mama kupata ugonjwa huo kabla ya wiki ya 37.

Jibu langu lilikuwa 1 kati ya 40, na kwa kuwa katika hesabu hiyo hata 1 kati ya 100 huhesabiwa kuwa hatari kubwa, usiku ule sikulala. Niliporudi, daktari aligeuza fomu, akachora upande wa nyuma viduara 40, akapaka wino kimoja tu. “Mama, hawa wote wana majibu kama yako,” aliniambia, “na anayepata tatizo hili kabla ya wiki ya 37 ni huyu mmoja.” Kikaratasi kile nilikihifadhi. Kilinifundisha kwamba kipimo cha namna hii hakitambui ugonjwa, bali huchagua nani afuatiliwe kwa karibu. Wala jibu zuri si kinga: kipimo hiki hunasa takriban robo tatu ya kesi zinazotokea kabla ya wiki ya 37, na chini ya nusu ya zile zinazokuja baadaye.

Faida yake ni kwamba kuna la kufanya. Utafiti uitwao ASPRE, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapa wajawazito wenye hatari kubwa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, na waliopata ugonjwa huo kabla ya wiki ya 37 wakawa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nami nilianza dozi hiyo wiki ya 13, kwa kuwa inatakiwa kuanza kabla ya wiki ya 16. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, kwani wenye vidonda vya tumbo au mzio wa aspirini wanaweza kudhurika.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Kila asubuhi nilikaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Nikapima mara mbili na kuandika daftarini. Wiki ya 31 niliamka na kichwa kinauma, mashine ikaonyesha 142 kwa 92, nikaenda hospitali bila hata kubadili nguo. Walipima mkojo, kisha uwiano wa protini mbili za kondo: sFlt-1, mojawapo ya zile zinazodhuru mishipa, na PlGF. Uwiano chini ya 38 humaanisha kwamba ugonjwa huo una uwezekano mdogo sana wa kujitokeza ndani ya wiki moja; wangu ulikuwa 24. Nikarudishwa nyumbani kwa masharti ya kuonekana kliniki mara mbili kwa wiki, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mimba ile nililala usiku kucha.

Ugonjwa ulikuja, lakini ulichelewa. Wiki ya 37 presha ilipanda tena na protini ikaonekana kwenye mkojo, nikaanzishiwa uchungu siku hiyohiyo, nikajifungua kwa njia ya kawaida mtoto wa kilo 2.7 aliyelia mara moja. Daftari sikulifunga, kwa sababu presha inaweza kupanda hata baada ya kujifungua. Niliendelea kupima kwa wiki 6, mtoto akiwa amelala pembeni yangu, na mstari wa mwisho nilioandika unasomeka 118 kwa 76.