Nilivyoikatia bima baiskeli yangu ya milioni sita

Jamani, baiskeli ya mshkaji wangu iliibiwa Njiro hapa Arusha, usiku, geti limefungwa kabisa, ndo nikakimbilia kuisoma bima yangu ya nyumba. Kumbe kila kitu cha ndani kina kikomo chake cha kulipwa, kwangu milioni mbili tu, na nikishatoka na baiskeli getini kwenda Usa River ndo bima hainihusu tena! Nikampigia wakala akaniambia kaka, iandikishe peke yake kwa thamani yake na uombe kinga ya nje ya nyumba. Nikapeleka risiti, picha na namba ya fremu (ipo chini kule kwenye pedeli, imejaa tope balaa). Hela ya kulipia bima ikaongezeka kidogo tu, ila wanataka kufuli la maana, na ukiiharibu kwenye mashindano hawalipi.