Siku Marejesho alipolala

Mtamba wangu alikuwa anaitwa Marejesho. Nilimnunua kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, shilingi laki saba, na kila Alhamisi nikienda kupeleka hela ya kikundi nilikuwa nafarijika kwamba angalau deni langu linakula majani huko Mvumi kwa mjomba, linanenepa. Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini. Sina boma wala mchungaji. Mjomba ndiye anavyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa mbili asubuhi, akapiga simu.

"Ng'ombe wako amelala, mwanangu."

"Amelala vipi, mjomba?"

"Amelala moja kwa moja."

Nyuma ya sauti yake nikasikia kisu kinanolewa. Nikamwambia mtu yeyote asimguse, mtu yeyote asimchune, nakuja. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama najua jua la huku likishapanda nyama inakaa muda gani. Nilijua. Lakini mimi 2007 nilikuwa mwanafunzi wakati Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, ilipopiga mkoa huu. Nakumbuka mabucha yalivyokosa wateja, na nakumbuka watu wazima wakinong'ona kwamba wanaougua si lazima wawe wamekula nyama. Wengine walichinja tu, au walimsaidia ng'ombe aliyekuwa anatupa mimba. Tangu hapo mnyama aliyekufa bila kisu namwogopa hata kabla hajafika kwenye sufuria.

Kutoka mjini hadi kwa mjomba ni kilomita 40 hivi, na Noah haiondoki mpaka ijae. Nilipofika saa nne na nusu nilikuta mabeseni yamepangwa chini ya mbuyu kama yako kwenye foleni ya maji. Nikawaamkia wazee, wakanijibu vizuri, lakini macho yote yalikuwa kwenye mkono wangu: huyu wa mjini kaja na ruhusa au kaja na maneno? Bibi mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba watu wa Ugogo wamekula vibudu tangu enzi za Mtunya, ile njaa ya wakati wa vita vya kwanza vya dunia aliyosimuliwa na bibi yake, na wakazaa, na mimi mwenyewe ni kizazi cha walionusurika. Ni hoja ngumu kuijibu ukiwa umesimama juani na mkoba wa mjini begani. Jirani yetu mwislamu alipita na baiskeli, akatoa pole, akaenda zake. Kwake hilo swali lilishajibiwa zamani.

Mjomba alikuwa amemsoma Marejesho kabla sijafika, na alivyoanza kunieleza niliona aibu kidogo kwa kumfokea kwenye simu. Hakubahatisha. Alianza na nyoka: akakagua midomo na miguu yote minne, hakuna uvimbe. Radi haikuwepo, anga lilikuwa kavu wiki ya tatu sasa. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, inaua, lakini humpa mwenye mali siku kadhaa za kuhangaika. Tezi za chini ya sikio zingevimba, angekohoa, angekataa kula, na huyu jana jioni aliingia bomani anacheua. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma na watu walikuwa wanalinyooshea kidole wakisema amevimbiwa. Mjomba akapuuza. Ng'ombe yeyote akifa kwenye joto hili tumbo hujaa, alisema, hata angekufa kwa uzee. Cha kuuliza ni kama alijaa akiwa hai. Kisha akamgonga kwa fimbo kwenye paja na bega, akisikiliza. Chambavu, ugonjwa wa kuoza misuli, hupenda wanyama wa umri huo, walionona, na nyama iliyooza kwa chambavu ukiibonyeza inalia chini ya ngozi kama karatasi kavu. Haikulia.

Kulikuwa na jambo moja aliloliona mapema, kabla jua halijamharibu: ufizi ulikuwa mwekundu wa kung'aa, kama wa mtoto. Na puani kulikuwa na povu lenye wekundu ndani yake.

Hilo povu ndilo lililonitoa jasho. Maana kimeta nacho kinaua ghafla, ng'ombe mwenye afya jana, mzoga leo, na damu hutoka kwenye matundu bila kuganda. Na kimeta kina mtego wake. Ili ujue kilichomuua mnyama, unataka kumpasua. Kama ni kimeta, kumpasua ndilo kosa lenyewe: vimelea vikikutana na hewa hujifunga ndani ya ganda gumu, vinaingia kwenye udongo, vinakaa humo miaka na miaka vikisubiri ng'ombe mwingine aje alishe hapo. Na mchunaji hupata kidonda mkononi, cheusi katikati, cha ajabu kwa kuwa hakiumi sana, kwa hiyo anachelewa kwenda zahanati. Kuchemsha sana, ambako kila mtu pale alikuwa anakutegemea, hakumsaidii aliyeshika kisu.

Tulimpigia afisa mifugo. Anahudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja. Akasema saa nane, na kabla hajakata simu akauliza: "Mchungaji anasemaje?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza mchungaji. Watu wazima zaidi ya kumi, tumemzunguka ng'ombe, tunasoma ufizi na povu, na mtoto wa miaka kumi na mmoja amejificha nyuma ya ghala tangu asubuhi. Nilimkuta amekumbatia magoti. Nilikaa naye chini, nikampa maji yangu, nikamwahidi hatapigwa (ahadi ambayo ilibidi nikaihakikishe kwa mjomba kwanza, tena mbele ya mashahidi). Ndipo akasema. Alfajiri aliwapitisha karibu na shamba la mtama la jirani, wenye njaa, kabla hawajapata majani mengine. Marejesho, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kwenye kila kitu, akaingia. Akala kwa pupa. Alipotolewa akatembea kama mlevi, akahema kwa nguvu kama mbwa aliyekimbizwa, akaanguka, akatupa miguu. Wengine wawili walioingia nyuma yake waliyumba kidogo wakapona.

Nilikwenda kuliona shamba. Mtama ulikuwa haujafika gotini, majani yamejikunja kwa jua, umedumaa tangu mvua ikatike. Wazee wakacheka: ng'ombe wa Mgogo afe kwa mtama? Sisi si ndio ugali wetu? Na kila mwaka baada ya mavuno si tunawafungulia mabua?

Afisa alipokuja aliwajibu taratibu. Punje iliyokomaa haina neno, na mabua yaliyokauka vizuri sumu yake huwa imepungua sana. Hatari ni mtama mchanga, au machipukizi, hasa yaliyopigwa na ukame. Humo kuna sumu ya ukoo mmoja na ile ya muhogo mchungu. Mnyama anavuta hewa, damu inaibeba, lakini mwili unashindwa kuitumia, kwa hiyo damu inabaki nyekundu kupita kawaida huku mwenyewe anakufa kwa kukosa hewa. Mjomba alitikisa kichwa polepole. Ufizi wake ulikuwa umepata maelezo.

Hata hivyo yule bwana hakumpasua. Alivaa glavu na barakoa, akatoboa mshipa wa sikio, akapaka tone la damu kwenye vipande viwili vya kioo, akavikausha. Alisema hadithi ya mtoto anaiamini, lakini haitoshi kuweka kisu kwenye mnyama aliyekufa ghafla na povu la damu puani. Mpaka maabara ya mifugo mjini iseme vingine, huyu tunamhesabu kuwa wa kimeta.

Basi tukazika, na ngozi yake. Vijana wanne, shilingi elfu thelathini, shimo la kumzidi mtu mrefu kwenye ardhi ambayo mwezi wa pili ilikuwa ngumu kama sakafu. Chokaa nilipiga simu dukani kwetu, ikaja mifuko mitatu na gari la jioni, nikakatwa kwenye mshahara. Mabeseni yakarudi nyumbani matupu. Bibi yule hakuniaga.

Jumanne majibu yakatoka: hakuna kimeta.

"Kwa hiyo tungekula," mjomba alisema kwenye simu. Hakuwa analaumu, alikuwa anahesabu.

Nilikuwa nimemuuliza afisa swali hilohilo. Alisema hata bila kimeta asingepitisha: hakuchinjwa, damu yote imo ndani, amelala juani na tumbo lake lililojaa sumu tangu alfajiri. Mjomba akasema saa mbili asubuhi alikuwa bado wa moto, angemchuna haraka, utumbo na maini angetupa. Huenda ingekuwa hivyo na watu wangelala wameshiba salama. Sikubishana naye. Nilimkumbusha tu kwamba saa mbili hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto, na damu ilikuwa haijapimwa, na kisu kilikuwa kimeshanolewa.

Akacheka. Tukaongea mengine, jirani kazungushia shamba lake miiba, mtoto kaanza tena kuchunga, ila sasa anapita njia ya mbali. Deni langu lina wiki tisa zimebaki na halili majani tena. Kabla ya kuaga mjomba aliniuliza kama mfuko mmoja wa chokaa uliobaki nitaurudisha dukani, maana ukuta wake wa mbele una miaka haujapakwa.

Nimemwambia apake.