Namna tulivyolisalimisha gobore la babu

Babu alipofariki, mashamba na minazi viligawanywa bila neno. Ugomvi ulikuja kwenye gobore. Lilikuwa darini kwake Rufiji, limeviringishwa kanga, na baba zangu wadogo wawili kila mmoja alisema ni lake. Siku ya arobaini wakaja kwangu Mbagala, kwa kuwa karatasi za ukoo huwa nashughulikia mimi.

Asiyelelewa bondeni atashangaa watu kununiana kwa bunduki ya kushindilia. Kwetu ndiyo iliyolinda chakula. Mpunga ukianza kuzaa, nguruwe pori huingia usiku, na alfajiri unakuta jasho la msimu mzima limevurugwa. Mchana ni zamu ya nyani. Babu alikuwa akihamia kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, mpaka mavuno. Hata baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilipowahamishia watu vijiji vya juu, yeye aliendelea kushuka bondeni kulima, maana rutuba iko huko.

Nguruwe hatukumla. Swala ndiye tuliyemngoja. Babu alisema bismillahi, akafyatua, na mnyama akianguka vijana walitimka na kisu wamuwahi kabla roho haijatoka. Nyama ilipita nyumba kwa nyumba, kwa wajane kwanza.

Kuna kitu alinifundisha nikiwa mdogo. Mdeki wake, ile fimbo ya kushindilia, ulikuwa na alama ya kisu. Ukiutumbukiza kwenye mtutu na alama ikazama, bunduki ni tupu. Ikibaki nje, mna baruti na marisawa. Hakuligusa gobore kabla ya kupima.

Niliwaeleza wazee sheria ya silaha ya 2015: leseni ni ya mtu, na mwenyewe akifa silaha inakwenda polisi. Anayetaka bunduki aombe upya kwa jina lake. Yule mkubwa kati ya baba zangu wadogo aliumia. "Mwanangu, unataka tuitwe majangili?" Nilimwelewa. Kijiji kiko jirani na iliyokuwa Selous, lile pori la akiba la wanyama, na wazee hawajaisahau Operesheni Uhai ya 1989, jeshi, polisi na askari wa wanyamapori walipowasaka wawindaji wa tembo. Kuanzia hapo, mtu mwenye bunduki kuingia kituoni kwa miguu yake ni jambo zito.

Kwa hiyo sikulazimisha. Nilisubiri Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa msamaha wa kusalimisha silaha, na tangazo lilipotoka nikawasomea neno kwa neno. Halafu tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akapiga simu polisi. Kubeba silaha kwenye basi nilikataa kabisa, na yeyote atakayekuwa na jambo kama hili namsihi naye akatae.

Askari walipofika, niliwaambia habari ya mdeki kabla hawajalishusha. Wakatutoa nje wote. Alama ilibaki nje ya mtutu: gobore lilikuwa limeshindiliwa, juu ya chumba wanacholala wajukuu. Baba wadogo walitazamana, na tangu hapo sijasikia tena neno la urithi wa bunduki.

Hati ya makabidhiano tumeitoa nakala, kila nyumba ina yake. Baba mdogo mwingine ameanza kuomba leseni ya shotigani kwa jina lake, kwani nguruwe bado wanaingia. Barua ya kijiji ameshaipata, zilizobaki namwandalia mimi.