Jinsi kompyuta yangu ilivyojifunza kujibizana na ilimba

Nilitaka kompyuta ipige pamoja na ilimba, ala ya Wagogo yenye kasha la mbao na vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja: weka mdundo kwenye kompyuta, mpe mpigaji hedifoni, afuate. Ukija na ushauri huo Ugogoni, huku Dodoma, utarudi na vifaa vyako.

Tuliujaribu Chamwino. Babu mpiga ilimba alizivaa kwa heshima, akapiga kidogo, akazivua. “Mjukuu wangu, mimi nikipiga nawatazama wanaocheza.” Wachezaji wakichangamka anakaza, wakipoa anatulia. Mdundo uliopangwa tangu jana utayajuaje hayo? Nikageuza mambo: babu aongoze, mashine ifuate.

Programu niliyotumia ni Pure Data, ya kuunda sauti na muziki kwa kompyuta, iliyobuniwa na Miller Puckette, ya bure kabisa. Na wazo si geni. George Lewis, mpiga tromboni wa Marekani, tangu miaka ya 1980 ana Voyager, programu inayomsikiliza na kumjibu papo kwa papo. Ila ilimba ina mvumo. Kwenye kasha kuna matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, ndio unaovuma, tena kuna vyuma visivyoguswa na kidole vinavyoitikia vyenyewe. Babu anapiga sauti moja, kompyuta inahesabu nne. Mshauri mwingine akaniambia nibandue utando. Nibandue! Ilimba itabaki nini?

Dawa niliipata mtaa wa Sabasaba, Dodoma, kwa fundi redio: king'ora kibovu, elfu moja au mbili hivi. Ndani yake mna kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati. Ukikigonga kinatoa umeme kidogo. Kilehemu waya mbili upesi, kikiungua basi. Nilikibandika chini ya ubao, karibu kabisa na mizizi ya vyuma. Kisahani kinasikia ubao tu. Upepo wa Dodoma, vigelegele, jenereta, vyote vikabaki nje, kompyuta ikapata kila mguso wa kidole na nguvu yake. Mvumo nikauachia maiki ya kawaida, na huo ndio unaokoleza rangi ambazo kompyuta inazimulika ukutani kupitia projekta. Ucheleweshaji, yaani muda kati ya mguso na sauti ya kompyuta, ushushe hadi milisekunde 10 hivi, la sivyo mpigaji anahisi anavutwa shati.

Babu aliponyamaza makusudi, mashine ikajibu. Akacheka, akaibadilishia mwendo, ikamfuata! Tuliendelea mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Sasa anataka tuunganishe na zeze lake. Kisahani kingine ninacho tayari, nitakibandika kwenye kibuyu.